Mchekeshaji akizeeka: namna ya kumwandika na kumrekodi jukwaani

Tamthilia nyingi za runinga kuhusu mchekeshaji huharibikia mahali pamoja, napo ni jukwaani. Nyumbani mhusika ni mtu kamili: goti linamuuma, kodi ya nyumba imechelewa, bintiye hapokei simu. Akishika maikrofoni tu anageuka mashine ya kutema vichekesho, na ukumbi mzima unaangua kicheko cha kupachikwa. Mtazamaji sebuleni hacheki hata kidogo, na tangu hapo hamwamini tena.

Wahispania waliotengeneza El fin de la comedia waliukwepa mtego huu. Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa 2014 kwenye kituo cha runinga cha Comedy Central cha Uhispania, msimu wa pili ukaja 2017, na 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa ucheshi. Mhusika mkuu ni Ignatius Farray, mchekeshaji wa Tenerife aliyezaliwa 1973, na anaigiza maisha yanayofanana na yake: ujana umempita, umaarufu ni wa kubahatisha, na jukwaani lolote laweza kutokea. Ukitaka kuandika kitu cha aina hiyo kwa Nairobi, jambo la kuiba pale ni hili: tukio la jukwaani liandike kama ugomvi. Mchekeshaji anataka kitu kutoka kwa watu wale, nao wanamnyima, au wanampa asichokiomba. Kichekesho ni silaha tu katika ugomvi huo. Kisipokuwa na kazi hiyo, kikate, hata kama kimevunja mbavu za waandishi wote mezani.

Vipimo kwanza. Sehemu moja ya tamthilia, ya dakika 25, ni kurasa 25 hivi za mswada. Jukwaa lisizidi mara tatu, na zote kwa jumla zisipite dakika nne. Zaidi ya hapo umeanza kurekodi onyesho, na onyesho bila ukumbi halina moto.

Uzee wenyewe usiuandike kwa mvi na mkongojo. Hayo ni ya michezo ya shule. Mchekeshaji huzeeka kwanza kwenye pumzi: sentensi ndefu aliyokuwa akiimaliza kwa mkupuo mmoja sasa inakatika katikati, na ule mkato unaua mshtuko wa mwishoni. Halafu anazeeka kwenye vitu anavyovitaja. Tuseme mhusika wetu yuko klabu moja Westlands na anasema hivi:

“Sisi tulilishwa na serikali. Maziwa ya Nyayo, bure, pakiti ya pembe tatu. Kwa hivyo ukiona mzee wa miaka hamsini bado anaiamini serikali, usimcheke. Alinyonyeshwa nayo.”

Maziwa hayo ya shule yalianza 1979. Meza ya watu wazima inacheka kabla hajamaliza. Meza ya vijana kando yake inatazamana, mmoja anafungua simu. Mwandishi mchanga atakatia hapo. Usikate. Mwache mzee aanze kueleza: “Pakiti… ile ya kona kona, si mnaijua? Ilikuwa inakuja na lori…” Hapo ndipo uzee ulipo. Vijana sasa wanacheka, lakini wanamcheka yeye, naye anajua, na anaamua kukipokea kicheko hicho kwa sababu ndicho kilichopo. Umepata ugomvi, umepata aliyeshindwa, na hujatumia hata ukurasa mmoja.

Kenya ina jambo moja ambalo Madrid haina kwa namna hii. Hapa mchekeshaji mkongwe huwa amemezwa na mhusika wake. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kwa watazamaji wa Vitimbi, kipindi cha ucheshi cha runinga, alikuwa Mzee Ojwang, Mjaluo wa kweli na Kiswahili chake cha kipekee. Kwa hivyo mpe mhusika wako majina mawili, na uamue mapema nani anamwita lipi. Makanga anamwita kwa jina la jukwaani na kudai kichekesho kabla hajalipa nauli. Daktari anamwita kwa jina la kitambulisho. Mkewe afanye nini? Swali hilo peke yake linaweza kubeba sehemu nzima.

Kuchagua mwigizaji. Mchekeshaji halisi anajua jukwaa, ila ana tatizo moja kubwa: hakubali kuanguka, yaani kushindwa kuchekesha. Mswada ukisema ukumbi umenyamaza, ataongeza maneno yake ili auokoe. Dawa ni kuzungumza na ekstra, wale watu wa kujaza ukumbi, kando, bila yeye kusikia, na kuwaambia wasicheke lolote litakalosemwa. Jasho utakaloliona baada ya dakika moja halihitaji vipodozi. Mwigizaji wa kawaida naye ataanguka vizuri, lakini maikrofoni itamuumbua. Mtu wa jukwaa huichomoa, anasogeza stendi nyuma yake, waya anaukunja mkononi bila kuutazama. Anayejifunza huacha stendi mbele yake kama mtu aliyejificha nyuma ya mti. Mpe maikrofoni na stendi aende nazo nyumbani wiki mbili kabla.

Kumbuka pia kwamba taa za jukwaani humpiga machoni. Zaidi ya safu ya kwanza haoni kitu. Ukimwandikia “anamwona mwanamume wa nyuma akipiga miayo”, umeongopa. Anasikia, haoni. Na macho ya mzee hukawia kuzoea giza, kwa hivyo akishuka ngazi mbili za jukwaa mkono utangulie kutafuta ukuta. Kamera ishike mkono huo. Uso uachwe.

Sasa kurekodi. Ekstra 30 hadi 35 wanatosha kwa chumba cha viti hamsini, mradi uwajaze karibu na lenzi na viti vitupu uviache gizani. Kosa la kawaida ni kuanza na sura ya mchekeshaji, teki baada ya teki (yaani kulirekodi tukio lile lile tena na tena), kisha kugeuza kamera kwa watu. Kufikia teki ya tatu kicheko chao kimekwisha. Wanaonyesha meno tu. Kamera ya pili iwaelekee wao tangu teki ya kwanza kabisa, na wasipewe mswada wala kuhudhuria mazoezi.

Sauti ndiyo itakayokuangusha kuliko picha. Maikrofoni ya mkononi iwe hai na irekodiwe, isiwe pambo. Nyingine ndogo ivaliwe chini ya shati, na mbili zitundikwe juu ya watu. Teki za mwanzo ziwe na kicheko cha kweli ili mchekeshaji ajue mapengo yana urefu gani. Mengi ni sekunde mbili hadi nne. Kisha rekodi tena ukumbi ukiwa kimya, naye aache mapengo yale yale. Asipoyaacha, mhariri atalazimika kumwaga kicheko juu ya maneno. Kabla ekstra hawajaondoka, chukua dakika moja ya ukimya wa chumba, halafu aina tatu za kicheko: cha ukumbi wote, cha meza moja, na kile cha aibu kinachotokea puani. Kicheko kilichotolewa chumba kingine kina mwangwi wake, na hata sikio lisilo la fundi hulitambua hilo.

Klabu za Nairobi hupatikana asubuhi za mwanzo wa wiki, na kwa bei nafuu. Zima friji zote za baa, maana mngurumo wake ukiingia kwenye maneno hautoki. Mtu wa sauti aweke funguo za gari lake ndani ya friji. Hawezi kuondoka bila kuiwasha tena, na mwenye klabu hatakudai nyama iliyooza. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, ili taa zisitetemeke kwenye picha. Hata hivyo taa za LED za bei rahisi zikipunguzwa mwanga hutetemeka, na kioo kidogo cha kamera hakikuonyeshi. Rekodi sekunde kumi, zitazame kwenye skrini kubwa kabla watu hawajafika. Jenereta, kama lipo, likae mtaa wa nyuma.

Ratiba ya siku nayo ni sehemu ya uongozaji. Vicheko vyote virekodiwe asubuhi, watu wakiwa wamekunywa chai na hawajachoka. Tukio la mzee kuanguka liwekwe saa nane mchana, baada ya ugali. Ukumbi utakuwa mzito wenyewe, macho yanafumba, na hutahitaji kumwambia yeyote anyamaze. Malipo ya ekstra yatumwe kwa M-Pesa kabla hawajatoka mlangoni. Ukiwakawiza leo, kesho watakaokuja ni kumi, na hawatacheka.