Ninavyokausha rangi ya mafuta ya picha za Tingatinga Dar bila kupoteza mng'ao

Ushauri unaonikera kuliko wote ni huu: "Tia petroli, itakauka haraka." Itakauka kweli, lakini itafifia, na mteja wa Morogoro Stores, pale Oysterbay tunapouzia picha, anaufuata huo mng'ao. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu, alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, vitu vilivyopatikana mjini kwa bei nafuu. Mtindo ulizaliwa kwenye maduka ya kawaida, na mpaka leo rangi yangu naifuata Kariakoo.

Siku hizi wengi tunachora kwenye amerikani, maana mnunuzi ni msafiri mwenye begi la kupimwa kilo. Naiwamba kwenye fremu, naipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili, napitisha msasa laini, ndipo naanza mandhari.

Kazi ni kwenye hewa ya pwani. Ukipaka nene, juu hushika utando na chini kunabaki kubichi, kisha uso wote unakunjamana. Paka nyembamba mara mbili, upishanishe siku nzima. Masika, Machi hadi Mei, ziwe siku mbili. Thina, ya kuzimulia rangi, ni kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha chai cha rangi. Mafuta ya taa usiyaguse, yanaacha kunata. Mkono wa mwisho naumaliza kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu unyevu wa jioni ukiikuta rangi mbichi, nyeusi inatoka kama imepigwa moshi. Madoa ya ndege kanga nayapiga kwa kichwa cha msumari, rangi ikiwa haina thina hata tone, la sivyo nukta zinatambaa.

Kukunja ndiko kunakoharibu picha nyingi nzuri. Gazeti linaganda, nailoni inanata na kuacha mabaka. Mimi natandika karatasi ya kuokea keki, ile isiyoshika unga. Picha ikae wiki mbili kwanza, kisha naizungusha kwenye bomba la plastiki la inchi 4, upande wa rangi ukitazama nje. Ukiuweka ndani, rangi inabanwa na kufanya mikunjo isiyotoka; nje inavutika kidogo tu, na ikiwambwa tena inatulia. Vipande vya bomba wanavyo mafundi. Usifunge kwa mpira, unachora mstari kwenye rangi. Chana utepe wa amerikani iliyobaki, ufunge nao bila kukaza.