Sindano ya PRP kwenye goti: nilivyojiandaa na nilivyolitunza

Goti likianza kusagika, utatajiwa sindano za kila aina na kila bei. Mimi nilichagua PRP, yaani plazma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile chembe ndogo zinazogandisha damu, inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Kwanza nilihakikisha eksirei inapigwa nikiwa nimesimama. Ukipigwa umelala, uzito hauligandamizi goti, na nafasi kati ya mifupa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Uchakavu hupimwa kwa ngazi za Kellgren na Lawrence, kuanzia 0 hadi 4. Langu lilikuwa ngazi ya 2. Aliyefika 4, mfupa kwa mfupa, aweke hela yake kwa ajili ya kubadilishwa goti.

Sikwenda nikitegemea gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, liote upya, na anayeahidi hivyo anakudanganya. Utafiti wa Australia wa 2021 ulihusisha watu 288, na baada ya miezi 12 waliochomwa PRP hawakuwa na tofauti ya maana na waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Tafiti nyingine zimeonyesha nafuu ya miezi kadhaa hadi mwaka. Nilichotaka ni maumivu yapungue kiasi cha kuniruhusu kufanya mazoezi.

Wiki moja kabla niliacha diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizo huvuruga kazi ya chembe sahani, na chembe sahani ndizo tiba yenyewe. Nilibaki na paracetamol. Soma karatasi ya dawa za mchanganyiko zinazouzwa mbili mbili dukani, kwa kuwa baadhi zina aspirini ndani. Anayetumia aspirini ya moyo au warfarini ya kuzuia damu kuganda asiache mwenyewe, amuulize daktari wake. Omba pia kipimo cha picha kamili ya damu: chembe sahani za kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita, na zikiwa chache mno hakuna cha kukusanya.

Siku yenyewe hutolewa damu kati ya mililita 15 na 60, kulingana na mashine, kwenye chombo chenye dawa ya kuzuia kuganda. Ikichanganywa vibaya ikaingia mabonge, itolewe upya, maana chembe zimeshatumika kwenye bonge. Ikizungushwa hujitenga: nyekundu chini, utando mwembamba mweupe katikati, njano juu. Niliomba ile yenye chembe nyeupe chache, kwani nyeupe zikizidi goti huvimba na kuuma zaidi. Kinachochomwa ni mililita 4 hadi 8 hivi. Iwe na rangi ya njano. Ikiwa nyekundu nyekundu, chembe nyekundu za damu zimeingia, na hizo huchokoza goti.

Goti likiwa limejaa maji, yavutwe kwanza, la sivyo dawa inazimuliwa. Ganzi iishie kwenye ngozi, kwa sababu lidokeni ndani ya kiungo hudhoofisha chembe sahani. Sindano huingia upande wa nje, sehemu ya juu ya goti, ikipita nyuma ya kifuniko chake, na ni vema daktari aongozwe na altrasaundi. Usiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.

Siku mbili tatu za mwanzo goti huwa zito na linauma. Barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 inatosha, tena bila diklofenaki kwa wiki mbili au zaidi. Ukipata homa, au goti likawa jekundu, la moto na halikanyagiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda ni maambukizi.

Kwenye sala nilitumia kiti, na choo cha kuchuchumaa nilikikwepa. Maumivu yalipotulia nilianza kuinua mguu ulionyooka nikiwa chali: sekunde 5 juu, mara 10, mizunguko 3. Baadaye niliongeza kuinuka kwenye kiti kirefu bila kushika. Msuli wa mbele wa paja ndio unaolibebea goti mzigo, na hapa ndipo wengi hulegea. Uzito nao una sehemu kubwa: kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Usiihukumu sindano kabla ya wiki ya 6. Niliandika maumivu ya kushuka ngazi, 0 hadi 10, kila Ijumaa. Kama namba haijashuka hadi mwezi wa tatu, sioni sababu ya kulipia nyingine.