Nimeichelewesha seva yangu makusudi, ndo nikaona anachokiona karani

Mwezi uliopita karani mmoja anayepokea parachichi huko juu Rungwe alinipigia, kaka, mfumo wako unamwandikia mzee wa watu kilo mara mbili. Mzee kaleta kilo 86, ripoti inasoma 172. Nikafungua laptopu hapa Mwanjelwa nikajaribu weee, kila kitu sawa, nabonyeza Hifadhi jibu limesharudi. Nikamuuliza we unafanyaje hasa? Akasema nabonyeza inazunguka, inazunguka tu, mvua ikinyesha ndo kabisa, naona haijaenda nabonyeza tena.

Sasa kwangu seva na brauza viko kwenye mashine moja, hiyo mvua ningeionea wapi? Nikaamua niicheleweshe seva mwenyewe.

Kwanza niliweka sleep(8), yaani lala sekunde 8 kabla ya kujibu, kwenye faili la PHP linalopokea uzito. Rahisi, ila kama unatumia ile php -S (seva ndogo ya majaribio inayokuja na PHP) kuwa makini, kwa kawaida inahudumia ombi moja moja, likilala moja mengine yote yanapanga foleni, kwa hiyo utakachokiona sicho kitakachotokea kwenye seva ya kweli.

Nikahamia kwenye tc, amri ya Linux inayoweza kuchelewesha pakiti za mtandao:

sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 500ms

Nilitegemea nusu sekunde, ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) ikasoma sekunde nzima, maana kwenye lo (njia ambayo mashine inaongea na yenyewe) pakiti inacheleweshwa ikienda na inacheleweshwa tena ikirudi, halafu TCP, utaratibu unaounganisha brauza na seva, lazima ipige hodi kwanza ndo ombi lipite, ukurasa ukanijia baada ya kama sekunde 2. Na kama databesi yako unaiita kwa 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe, inapita hiyohiyo lo) nayo itaburuzika humohumo, mi nilihangaika nayo karibu saa nzima kabla sijaihamishia kwenye soketi ya faili, isiyopita kwenye lo.

Nikapandisha mpaka 2000ms na kidole chenyewe kikarudi kwenye kitufe, nikapata kilo mbilimbili kama za karani. Nikazima kitufe kikishabonyezwa, nikadhani imeisha, kumbe bado!! Mtu akichoka anafungua ukurasa upya anaandika tena, na lile ombi la kwanza lilishafika zamani, kilichopotea njiani ni jibu. Hilo ndo watu wengi hatulipimi. Kwa hiyo sasa kila mzigo unapewa namba yake kwenye simu ya karani kabla ya kutumwa, inabaki humo mpaka seva ijibu, na databesi haikubali namba hiyo mara ya pili, ikija tena seva inarudisha jibu lilelile la mwanzo.

Ukimaliza futa: sudo tc qdisc del dev lo root. Na tafadhali usijaribu hii kwenye eth0 (kadi ya mtandao) ya seva ya mbali uliyoingia kwa SSH, utajichelewesha na wewe mwenyewe, ukizidisha hutaweza hata kuandika amri ya kuitoa.

Jana nimempigia karani, mvua ilikuwa inanyesha, kabonyeza mara tatu, mzee kaandikiwa mara moja. Ndaga fijo (asante sana) dada kwa kunivumilia.