Hazikupatikana

Kisa cha mafaili tuliyoyachoma kilianza na popo. Stoo iliyokuwa nyuma ya masjala yetu, chumba cha kutunzia mafaili ya halmashauri, ilikuwa na dari iliyotoboka, na popo walishaifanya kwao miaka mingi kabla sijaajiriwa. Harufu ya kinyesi chao ikapenya hadi chumba cha wahasibu, na wahasibu, tofauti na sisi watu wa masjala, wakilalamika husikilizwa. Siku moja ya mwaka 2006 Afisa Utumishi wangu akaja mlangoni, akabana pua, akayatazama mafaili yaliyorundikana kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, akasema, "Dada, hiki chumba nakitaka ndani ya wiki mbili. Kuna kompyuta zinakuja."

Nilikuwa na miaka 24, Msaidizi wa Kumbukumbu, nimetoka Chuo cha Utumishi wa Umma kule Tabora na cheti changu wino haujakauka. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Ni wilaya ya baridi, ya mahindi na viazi, ambako karatasi ikilowa ukungu haikauki mpaka Septemba.

Chuoni tulifundishwa kwamba faili lina maisha yake. Linazaliwa, linafanya kazi, linachoka na kuwa kumbukumbu tuli, kisha linaamuliwa: ama liende kuhifadhiwa daima kama nyaraka za taifa, ama liteketezwe. Na kuteketeza si kuchukua kiberiti tu. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, haimruhusu mtumishi kuharibu karatasi ya umma kwa utashi wake. Unaandaa orodha, unaomba idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, wakati huo ikiwa Upanga, Dar es Salaam, unasubiri kibali, unachoma mbele ya mashahidi, halafu ile hati ya kuchomea nayo unaitunza. Yote hayo nilimweleza bosi, nimesimama wima kama niko kwenye mtihani wa mdomo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Kwani hao wa Upanga wanajua kama tuna popo?"

Nikafunga kanga puani, nikaingia.

Asiyewahi kuingia stoo ya serikali hudhani mle mna siri za nchi. Mna likizo. Mna maombi ya likizo, ruhusa za kwenda msibani, logbuku za Land Rover zilizokwisha kuwa chuma chakavu, stakabadhi za dizeli, daftari za mahudhurio, daftari za dispachi, karatasi za kuhamisha meza mbili na viti vitatu kutoka chumba namba 4 kwenda chumba namba 7. Mna madokezo ya wakubwa yanayoishia na neno "Tuongee." Nilihesabu mpaka nikachoka. Nusu ya maamuzi ya wilaya ile yaliishia kwenye "Tuongee", na walichoongea kilikwenda nao kaburini. Mchwa nao walikuwa na adabu zao: walikula katikati, wakaacha majalada, kwa hiyo unanyanyua faili zito kwa jicho, jepesi kwa mkono, ndani udongo mtupu.

Siku ya tatu nilikuwa na marundo mawili. Mafaili binafsi ya watumishi, mihtasari ya vikao vya madiwani na mafaili ya ardhi niliyaweka pembeni. Mengine yote niliyaita ya kawaida. Vijana wawili wa usafi wakachimba shimo nyuma ya choo, tukachoma siku tatu mfululizo. Mama aliyekuwa anauza maandazi getini aliniomba karatasi, nikampa maboksi mawili. Mwezi mzima baada ya hapo ofisi nzima ilikula maandazi yaliyofungwa kwenye maombi ya likizo, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Hadi leo naamini sehemu kubwa ya rundo lile ilistahili moto. Stakabadhi ya lita 20 za dizeli ya mwaka 1979 haina mwenyewe tena, duniani wala ahera. Ofisi inayotunza kila kitu haina inachokipata, na ndiyo maana stoo yetu ilikuwa ya popo badala ya kuwa ya watu. Tena kuchoma kwenyewe nilikufanya kwa bidii. Orodha ndiyo sikuandika.

Mzee alikuja mwaka 2008. Kofia ya pama, koti la suti juu ya sweta, mfuko wa rambo mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika "Marahaba mwanangu", akakaa, akatoa karatasi moja baada ya nyingine akizipanga mezani kama anayetandaza karata. Alikuwa dereva wa greda. Alikuwa ametimiza miaka 60, na mfuko wa pensheni ulikuwa umemhesabia utumishi wake kuanzia 1984.

"Mimi nimeanza 1974," alisema. "Barua ya ajira ya kudumu nilipewa mkononi. Nyumba iliungua, ikaungua nayo. Lakini nyinyi mnayo nakala."

Nikatoa faili lake binafsi. Folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza ndani ya faili, ilikuwa ya 1984. Sikushangaa, na yeyote aliyefanya kazi kwenye masjala za wilaya hatashangaa. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, yakaja madaraka mikoani, watumishi na mafaili yao vikahamia chini ya mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya. Halmashauri ziliporudi 1984, mafaili yakafungwa tena kamba na kusombwa, na katika safari hizo mbili kuna yaliyofika, yaliyoloana na yaliyopotelea njiani. Ofisi mpya ikawafungulia watu mafaili mapya kana kwamba wamezaliwa siku ile. Mzee alikuwa na miaka kumi ya kuendesha greda ambayo serikali ilikuwa haiikumbuki.

"Njoo Jumatatu, baba," nikamwambia. "Tutatafuta."

Alikuja Jumatatu. Akaja na iliyofuata. Nauli ya kuja na kurudi kwake ilikuwa shilingi elfu tatu, nilijua kwa sababu tiketi alikuwa anazitunza kwenye ule ule mfuko wa rambo. Mara ya nne alikuja na mjukuu, mara ya sita alikuja na homa. Mimi nilikuwa napekua kweli, na kila nilipopekua nilikuwa nasogea karibu na jambo nililolijua tangu Jumatatu ya kwanza. Kwamba barua ya ajira ikipotea, bado kuna karatasi nyingine zinazoweza kusema fulani alikuwepo. Kama mwaka 1976 mtu aliomba likizo, na mkubwa wake akaandika "Imeidhinishwa", na dokezo likataja cheo chake na tarehe yake ya kuajiriwa kama walivyokuwa wakifanya zamani, basi karatasi hiyo ya hovyo ni shahidi. Na faili la likizo za watumishi wa ujenzi nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu. La kaki, tegi yake imeota kutu. Nakumbuka nililifungua, nikafunga, nikalitupia kushoto, kwenye rundo la kawaida.

Au nilikuwa nakumbuka jingine. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Sikuwa na uhakika kama ni miaka ile, wala kama lilichomwa, lilikwenda kwenye maandazi, au limebaki nyuma ya kabati fulani. Ndiyo maana nilikuwa nasema njoo Jumatatu. Sikuwa namdanganya. Sikuwa na cha kumwambia.

Safari ya nane bosi akatoa wazo la Hazina Ndogo, ofisi ya Hazina ya serikali kule mkoani. Huenda orodha za mishahara za zamani zilikuwa na nakala kule. Nikaenda naye mzee, kwenye Coaster, mguu wake mmoja juu ya gunia la viazi la mtu. Kule tulipokewa na mama mmoja wa makamo, karani, miwani imening'inia shingoni. Alisikiliza, akatoa kauntabuku lenye jalada gumu, akashusha kidole ukurasani. "Orodha za mishahara za wilaya yenu, miaka hiyo. Ziliteketezwa. Kibali namba hii, tarehe hii, mashahidi hawa watatu." Akatunakilia mstari ule kwenye karatasi, akagonga muhuri. Chai aliyokuwa ameimimina kabla hatujaingia ilikuwa bado inatoa moshi.

Kwenye basi la kurudi mzee hakusema kitu mpaka tulipoanza kupanda mlima. Kisha akasema, "Yule mama amenipa jibu baya. Lakini amenipa jibu."

Tangu hapo nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga karatasi za kawaida zitunzwe miaka mingapi. Watu hugombania tarakimu: mitatu, mitano, saba. Mkaguzi anataka mingi, mwenye chumba anataka michache. Mimi huwa nauliza miaka hiyo inahesabiwa kuanzia lini. Ukihesabu tangu faili lilipofungwa, barua ya likizo ya kijana wa miaka 28 itachomwa akiwa na 33, na mtu huyo ataihitaji akiwa na 60. Mhesabie tangu alipoacha kazi na kulipwa chake, hapo tutaelewana. Na wala si ugonjwa wa wilaya za milimani peke yake. Mwaka 2018 Uingereza nzima iligeuka kuzungumzia kadi za kushukia melini za watu waliotoka visiwa vya Karibi miongo mingi nyuma. Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko ilikuwa imeziteketeza mwaka 2010, kadi za kawaida tu, na baadaye wazee wale wale wakatakiwa kuthibitisha kwamba waliingia nchini kihalali. Nilisikiliza habari ile redioni nikiwa nakaanga vitunguu, nikazima jiko.

Basi, tulirudi ofisini. Kilichobaki ilikuwa hati ya kiapo ya mzee, viapo vya wenzake wawili waliofanya naye kazi barabarani, na barua ya mwajiri inayoeleza kumbukumbu zake ziko wapi. Wenzake hao bosi ndiye aliyewatafuta, kwa pikipiki yake na mafuta yake, Jumapili. Nalisema hili ili asionekane mtu mbaya. Barua niliiandika mimi. Niliandika kwamba kumbukumbu za utawala za miaka hiyo "ziliteketezwa mwaka 2006 bila orodha wala kibali."

Bosi aliisoma, akachukua kalamu, akakata. Juu ya maneno yangu akaandika neno moja: hazikupatikana.

"Ukiandika ziliteketezwa," alisema, "barua inayofuata itakuja kwangu, si kwa mzee."

Nikaipiga upya kwenye moja ya zile kompyuta. Zilikuwa zimekaa pale pale kwenye stoo, dari jipya, harufu bado kidogo siku za mvua. Ilikuwa ndani ya uwezo wangu kukataa. Sikukataa.

Mzee alipewa barua Alhamisi. Akavaa miwani, mkono mmoja wa fremu umefungwa uzi, akasoma taratibu midomo ikicheza. Alipofika pale, akarudia kwa sauti.

"Hazikupatikana." Akanitazama juu ya miwani. "Kwani mlizitafuta?"

Bosi alikuwa ameshatoka kwenda kikaoni. Nilisimama kwanza, nikaenda kufunga mlango, nikamweleza yote: popo, wiki mbili, shimo nyuma ya choo, maandazi. Sikumficha kwamba aliyechambua ni mimi. Nilikuwa najiandaa kufokewa, tena nilitaka anifokee. Yeye akauliza lile faili lilikuwa la rangi gani.

"La kaki, baba. Kama ndilo lenyewe."

"Likizo ya sabini na sita," akasema, "ndiyo niliyokwenda kuoa." Akacheka kidogo, akakohoa. "Bibi yako naye hana cheti. Nilitaka nimwonyeshe."

Nilikuja kusikia, mwaka na nusu baadaye, kwamba walimkubalia miaka yake. Siku ile hakuna aliyejua. Aliikunja barua mara nne, akaitumbukiza kwenye mfuko wa rambo pamoja na tiketi zake, akanyanyuka, halafu akakaa tena.

"Na nakala ya hii barua, mwanangu, nyinyi mtaitunza miaka mingapi?"

Nikavuta droo. Siku tuliyotoka Hazina Ndogo nilikuwa nimepitia dukani stendi nikanunua kauntabuku la kurasa 200, nikalichora mistari kwa rula: namba, tarehe, jina, inahusu nini, iko wapi, imekwenda wapi. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, wenye jina lake. Akausogeza karibu na dirisha, akausoma mpaka mwisho. Kisha akaniomba kalamu, akarekebisha herufi moja kwenye jina la baba yake.