Lira ya Krete imeniteka kabisa

Jamani ukienda Ugiriki usiishie Athens, panda meli ushuke Krete, utafute kijiji ambacho wenyeji wanapiga lira wenyewe. Kachombo kadogo ka nyuzi 3, mpigaji anakasimamisha kwenye goti, na zile nyuzi hazikandamizi kwa ncha za vidole, anazigusa ubavuni kwa kucha, ndo maana inalia vile, huku mwenzie anashikilia mapigo kwa laouto, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa. Ila kilichonimaliza ni mantinada, beti za mistari 2 yenye vina, kila mstari mizani 15, mzee anatunga palepale mezani kumchokoza jirani na jirani anamjibu hapohapo, raki, pombe yao kali, inazunguka, yaani mpenzi yeyote wa mashairi angekesha pale, na mimi nilikesha kweli.