Elfu mbili yangu na fidla

Watu wa nyumbani wakiniuliza nasoma nini huwa nasema "muziki" yanaisha, maana nikisema falsafa na ujumi wa muziki, tena masta, swali ni lile lile, kwani utakuwa unaimba? Siimbi. Hata kinanda sijui kupiga. Sisi tunasoma watu waliobishana uzuri wa muziki uko wapi, kwenye sauti zenyewe au kwa anayesikiliza au kwengine kabisa, halafu na wewe unajitosa kwenye ubishi huo kurasa mia na kitu.

Mwaka wa kwanza nilimpenda mno Hanslick, mhakiki wa muziki kule Vienna, 1854 alitoa kijitabu kilichowaudhi wengi, kwamba uzuri wa muziki umo kwenye sauti zenyewe zinavyopangika na kwenda, ukitaka kulia lia lakini hicho kilio ni chako, usikiite muziki. Nikasema huyu ndo mtu wangu. Proposo nzima nikaijenga juu yake, taarabu ya Tanga kwa jicho la Hanslick, fidla, kinanda, gitaa, maneno tuyaweke kando kwanza.

Likizo nikarudi Tanga, kuna harusi Ngamiani, upande wa shangazi. Kikundi kikapiga wimbo mmoja wa zamani, wa polepole, baada ya kila ubeti fidla inaingia inapanda inapanda halafu inashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani anatafuta kidato kwa mguu, mi mwili wote ukasisimka nikatoa elfu mbili nikaenda kutunza, yani kutoa noti mbele ya kikundi wimbo unaendelea. Na kwa vile sijazoea sikwenda moja kwa moja, nikazunguka, nikapita mbele ya dada mmoja kavaa dera la kijani, noti nimeinyanyua juu, natabasamu. Kumbe ubeti ulioingia pale unamsema mla vya wenzie.

Vigelegele ukumbi mzima. Yule dada akaniangalia toka juu mpaka chini, akatoka, wenzake wawili nyuma yake. Mi nikajua kaenda msalani.

Shangazi akanivuta mkono. "We mwanangu, yule kakukosea nini?"

"Nani?"

"Si huyo ulomtunzia!"

"Shangazi mi nimeitunza fidla."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Fidla haitunzwi. Anayetunzwa muimbaji, anayetunziwa adui."

Basi proposo ikafia hapo. Na aibu zaidi, haya yalishaandikwa, Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani, kitabu chake cha 2002 kimeeleza jinsi watu wa Tanga wanavyosemana kwa kutunza, nami nilikiruka eti hiyo si falsafa. Mtoto wa Tanga!

Maana wimbo ule ule ulishapigwa mapema usiku huo huo, hakuna aliyenyanyuka. Sauti zile zile. Sasa Hanslick atasema fumbo liko nje ya muziki, sawa, lakini basi ukumbi mzima aliyekuwa anasikiliza muziki ni mimi peke yangu, na mimi ndo sikuelewa kitu. Kivy naye, mwanafalsafa wa muziki wa Marekani, ana mfano wake wa mbwa wa Saint Bernard, uso wake una huzuni hata kama mwenyewe hana huzuni, na muziki uko hivyo hivyo. Mfano mzuri tu, ila huzuni ya mbwa huyo haimlengi mtu, ya Ngamiani ina anwani. Anayenifaa sasa hivi ni Lydia Goehr, naye mwanafalsafa wa muziki, kwenye kitabu chake cha 1992 anasema huku kuuona muziki kama kazi iliyokamilika yenyewe, inayojitegemea, kulishika Ulaya kwenye mwaka 1800 hivi, yani hata Bach, mtunzi wa Kijerumani wa kabla ya hapo, hakuwa anatunga kwa fikra hiyo. Na mimi nimebeba futi hiyo hiyo naenda kupimia harusi ya shangazi.

Ila sijahama kabisa. Ule msisimko niliupata kweli, hakuna aliyenieleza kitu, ni fidla tu. Sitaki kuambiwa na mtu kwamba sikusikia.

Keshokutwa yake shangazi akanipeleka kwa yule dada kuomba radhi. Nikaeleza yote, fidla, masomo, mpaka Hanslick nikamtaja. Akanisikiliza vizuri tu, akanimiminia chai.

"Nimekusamehe mdogo wangu," akasema, "ila mwambie huyo aliyekutuma salamu zake zimefika."