Nilivyong'oa 8088 nikaweka V20, na mguu namba 22 ulivyonitoa jasho

Kompyuta yenyewe ni zile nakala za IBM PC XT, za kuungaunga za Taiwan, haina hata jina, niliikuta stoo kwa mjomba imegeuzwa meza ya kuwekea ndoo. Inawaka vizuri tu, DOS inafunguka, ila prosesa ni Intel 8088 ya 8 MHz na kila kitu kinakwenda kwa kujikongoja. Dawa yake inajulikana miaka yote, NEC V20, prosesa ya NEC yenye kasi zaidi, ina miguu 40 kama 8088 na kila mguu unakaa palepale, unatoa hii unaweka ile basi. Kwenye bodi nyingi hiyo ni kazi ya bisibisi, dakika mbili. Sasa wale waliotengeneza ya kwangu soketi wameweka ya 8087 tu, ile chipu ya kusaidia hesabu, tena iko tupu mpaka leo, prosesa wakaichomelea moja kwa moja!

Mwanzo nilitaka kuitoa nzima nzima. Jioni yote niko na pampu ya kunyonya risasi ya kuchomelea, miguu mingi ikalegea, ila namba 1 na namba 20 ikagoma katakata, kumbe hiyo miwili ni ya graundi na imeshikana na shaba pana ya bodi, joto lote linaishia humo. Nikaona nitaunguza bodi kwa ajili ya chipu ambayo siihitaji tena, nikachukua plaizi ndogo nikakata miguu yote 40 usawa wa mwili, mwili ukatoka kama jino bovu. Baada ya hapo ni mguu mmoja mmoja, unatia risasi mpya na flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi itiririke, unapasha, unavuta na kibanio. Ile ya graundi ilibidi nipashe juu na chini kwa pamoja, dogo ameshika bodi anaona moshi tu anauliza kaka hii ndo inapona kweli.

Soketi nikachomea, V20 ndani, nikahakikisha kile kipengo cha kichwani mwa chipu kimeangalia upande wake, nikawasha. Feni inazunguka, skrini nyeusi, hata mlio hakuna.

Nikalala nayo hivyo. Asubuhi mita mkononi, mguu kwa mguu, namba 22 kimya. Huo ni wa READY, ndo unaoiambia prosesa endelea au subiri kwanza, na unatokea kwenye chipu ya 8284, ile inayotoa mapigo ya saa ya prosesa, mguu wa 5. Kile kiduara cha shaba kilishang'oka jana yake nikiwa nakazana na pampu, sikukiona. Nikapitisha kiwaya chembamba chini ya bodi toka 8284 mpaka kwenye soketi, nikawasha, piip moja. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja.

Spidi je? Lahajedwali langu lililokuwa linachukua kama sekunde 40 sasa ni 31 hivi. Programu za kupima zinakupa namba kubwa zaidi ila msizishobokee, V20 inawahi sana kwenye kuzidisha na kugawanya na nyingi zinapima hayo hayo. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba inaelewa na amri za 80186, prosesa ya Intel iliyokuja baada ya 8088, kwa hiyo kwenye kadi ya XT-IDE, ya kuungia diski, nimeweka ile BIOS yake (programu ya kuianzisha) ya V20.

Imebaki 8087, soketi si ipo, ila kila nikicheki bei nafunga simu.